Shuu mpya za hendibreki na pikapu bado inarudi nyuma: acha kebo, anza na adjasta

Mkuu, umesema umeweka shuu mpya za hendibreki (vile vipande vya mviringo vinavyobana dramu kwa ndani), mkono wa hendibreki unapanda mpaka mwisho, na mlimani pikapu bado inarudi nyuma. Fundi wako anataka kukaza kebo. Mzuie kwanza. Breki za aina hii nimezifungua sana, na kwangu kebo ndiyo ya mwisho kuguswa; ya kwanza ni adjasta, kile kigurudumu chenye meno kinachosogeza shuu karibu na dramu. Ukiikaza wakati shuu ziko mbali na dramu, mkono utashika juu juu tu, na baada ya muda mfupi utarudi palepale.

Kwa kuwa gari lako lina diski nyuma, shuu za hendibreki zinakaa kwenye dramu ndogo iliyo katikati ya diski yenyewe. Kazi yake ni kushikilia gari lililoegeshwa, kwa hiyo shuu kulika ni nadra. Kinachoziua ni kutu, laini (ule utando wa kusugua uliobandikwa juu ya shuu) kubanduka kwenye chuma chake, au oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) inayovuja kwenye sili ya ekseli. Kama zile za zamani zilitoka zimelowa oili, badilisha sili kabla ya yote. Shuu iliyokunywa oili haisafishiki, hata ungeifanyaje.

Fungua tena. Gari liwe sehemu tambarare, kabari kwenye matairi ya mbele, hendibreki imeachiwa, ekseli juu ya stendi (jeki peke yake haitoshi). Legeza kebo. Kalipa (kile kibano cha breki ya diski) ifunge kwa waya, isining'inie kwenye hozi yake. Diski ikigoma kutoka, weka nyundo chini: rudisha adjasta nyuma, shuu zilegee, kupitia kitundu chenye kizibo cha mpira. Diski nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili na uzikaze kwa zamu, kidogo kidogo, itajisukuma yenyewe.

Sasa angalia sahani ya nyuma, lile bamba la chuma lililobeba shuu. Kuna vinundu vilivyoinuka ambapo ukingo wa shuu huteleza. Pitisha kidole: ukikuta mfereji uliochimbika, shuu inanasa hapo na haifunguki sawasawa. Sugua kwa brashi ya waya, kisha paka grisi ya joto kali, nyembamba sana, isiguse laini. Vumbi usilipulize kwa upepo, tumia dawa ya kusafishia breki. Adjasta ifungue yote, nyuzi zake zisafishwe na kupakwa grisi. Ya kulia isihamie kushoto. Fanya upande mmoja kwanza ili mwingine uwe kielelezo cha springi.

Halafu marekebisho, na hapa ndipo mafundi wengi wanaharakisha. Rudisha diski, ibane kwa nati mbili za tairi ikae sawa na habu (kitovu cha gurudumu). Zungusha gurudumu la adjasta mpaka diski isizunguke kwa mkono, kisha rudi jino moja moja mpaka izunguke huku ukisikia mkwaruzo mdogo. Vuta mkono wa hendibreki mara kadhaa shuu zijipange katikati, urudie. Zitalegea tena, ni kawaida.

Hapo ndipo kebo inakazwa, mpaka mkono ushike kwenye idadi ya mibofyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Endesha mwendo mfupi bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu la nyuma. Upande unaotoa joto kuliko mwenzake, rudisha adjasta yake jino moja.