Begi Limebaki Njiani, na Safari ya Miguu ni Keshokutwa

SWALI: Wahariri, mgeni wetu ametua Mtwara jana mchana akitokea Ulaya kupitia Dar es Salaam. Yeye kafika, begi lake la mgongoni halikufika. Keshokutwa tunaanza kutembea kutoka Mikindani hadi Newala, watu wanne, siku saba. Uwanjani waliandika jina lake kwenye daftari, wakasema watapiga simu. Tuahirishe? – S.M., Chikongola, Mtwara

JIBU: Ndugu S.M., msiahirishe bado, ila rudini uwanjani leo hii. Jina la daftarini halitafuti begi. Mnachohitaji ni fomu ya taarifa ya mzigo, ile wahudumu wanayoiita PIR, na msitoke pale bila namba yake. Namba hiyo ina alama kumi: herufi tatu za uwanja, alama mbili za shirika la ndege, kisha tarakimu tano. Ikifunguliwa Mtwara itaanza na MYW. Bila hiyo, begi likionekana Dar au huko lilikoanzia, kinacholiunganisha na mwenyewe ni tagi peke yake, na tagi hung'oka.

Nendeni na pasipoti, pasi ya kupandia ndege, na kile kipande kidogo cha tagi alichopewa mgeni wakati wa kukabidhi mzigo. Kisomeni kabla ya kufika kaunta. Chini ya mistari myeusi kuna tarakimu kumi za begi lenyewe, na kwa herufi kubwa kuna herufi tatu za mahali mzigo unakoishia. Zikiwa MYW, ni wajibu wa shirika kulifikisha Mtwara, na fomu inafunguliwa kwa shirika lililomleta mwisho hata kama kosa ni la lile la kwanza. Zikiwa DAR, begi huenda halikupotea kabisa: lilishushwa Dar likamsubiri mwenyewe, naye akalipita akiamini litaunganishwa. Hilo huwapata sana wanaokata tiketi mbili tofauti. Hapo simu ya kwanza ipigwe Dar, kwa shirika lililobandika tagi, kwa sababu lile la Dar–Mtwara halijawahi kuligusa. (Zikiwa MTW, mna kazi. Hizo ni herufi za Manitowoc, jimbo la Wisconsin, Marekani.)

Kwenye maelezo ya begi msiandike "jeusi, la mgongoni". Andikeni kilichomo, tena kinachoonekana begi likifunguliwa tu: koti la rangi ya chungwa, buti namba 43, sufuria ndogo yenye mpini unaokunjwa. Tagi ikiwa imeng'oka, vitu hivyo ndivyo vitakavyolitambulisha. Na simu iwe ya mwenyeji. Laini ya Ulaya huzimwa kwa kuogopa gharama, ikazimika na habari ya begi.

Sasa safari. Njia yenu ina bahati moja: inakwenda upande ule ule wa barabara ya Mtwara–Tandahimba–Newala, na magari ya abiria hubeba mizigo kila siku. Kwa hiyo begi linaweza kuwafuata. Achieni mtu wa mjini barua ya mgeni yenye sahihi inayomruhusu kulipokea, nakala ya pasipoti, nakala ya PIR, kipande cha tagi, na ufunguo wa kufuli kama lipo. Ufunguo husahaulika mno, na forodha wakitaka kulikagua begi ambalo mwenyewe hayupo, kufuli ndilo litakalolilaza siku nyingine mbili. Pangeni kituo kimoja tu cha kulipokelea, tuseme Tandahimba, na siku moja tu. Lisipokuwa limetua Mtwara kufikia saa sita mchana wa siku iliyotangulia, mnaendelea bila hilo na linawangoja Newala. Kundi linaloshindwa kukata shauri hapo hujikuta limeketi stendi siku nzima likimaliza maji na chakula.

Vya kuazima na kununua havina ugumu sawa. Chandarua, mkeka, turubai, sufuria, kisu na tochi mtavipata soko kuu kabla ya adhuhuri. Kipande cha sponji cha inchi moja, upana wa mabega na urefu wa kutoka bega hadi goti, kinatosha kulalia. Miguu italala juu ya begi. Shuka mbili za pamba zinatosha pwani, lakini Newala ni juu na usiku una ubaridi, basi ongezeni sweta la mtumba. Mkipata begi la mgongoni la mtumba, lijaribuni na mzigo: mifuko miwili ya unga ya kilo 5 na chupa mbili za maji za lita moja, kilo 12, mzunguke nalo soko zima. Kamba zikikata mabega, fundi cherehani aongeze mkanda wa kiunoni wa upana wa vidole vitatu, aushone mishono minne ya kukatiza na si mmoja. Msihangaike kutafuta mifuko mikubwa ya plastiki ya kukingia mvua. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Fundi huyo huyo awashonee mfuko wa turubai jepesi wa kutia nguo, mdomo ukunjwe mara tatu na kufungwa.

Ugumu uko kwenye miguu. Mgeni akiwa ameshuka na raba za kukimbilia, atembee na hizo hizo. Raba iliyokwisha kumzoea ni bora kuliko buti jipya la ngozi kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku, kwa sababu buti jipya humenya kisigino siku ya kwanza na kidonda hakifungi tena njiani. Ikiwa ameshuka na kandambili, basi ni mitumba, na hapo muwe wakali. Buti la mtumba linaweza kung'aa juu huku limeoza katikati: ile tabaka ya sponji kati ya ngozi na soli, ikiwa ya polyurethane, hulika na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini, na baada ya miaka kadhaa humong'onyoka kama mkate mkavu. Bonyezeni ubavu wa soli kwa ukucha wa dole gumba. Ukiingia na alama ikabaki, au vumbi likadondoka, rudisheni. Kisha kunjeni kiatu: kipinde penye vidole, si katikati. Kijaribiwe jioni, mguu ukiwa umevimba, na soksi atakazotembea nazo; dole gumba likae nyuma ya ncha kwa upana wa kidole kimoja. Soli ikiwa imegandishwa kwa gundi tu, fundi viatu aizungushie uzi, maana gundi ya zamani huachia kwenye mchanga wa moto.

Maji yatawaumiza kuliko begi. Juu ya nyanda za Makonde mchanga hunywa mvua yote na mito haikai; msitegemee kijito. Hesabuni lita 5 kwa mtu kwa siku ya jua, nazo ni kilo 5, hivyo mzigo mwingine upungue. Chupa tatu au nne za lita moja na nusu ni bora kuliko dumu moja: uzito unagawanyika, na moja ikitoboka hamjabaki wakavu. Vidonge vya kutibu maji visomwe pakiti. Vingine vimepimwa kwa lita 20, na kukitia kizima ndani ya chupa ni kunywa dawa ya kufulia. Chakula hakina shida kwenu: gramu 100 za korosho zina takribani kilokalori 550, na mchele mkavu kama 360, tena korosho haidai moto.

Dawa za mgeni, kama zilikuwa begini, zishughulikiwe kabla ya viatu. Apige simu kwao atumiwe picha ya cheti cha daktari, aende nayo hospitali au duka la dawa, aulizie jina la dawa yenyewe na si la kampuni. David Livingstone alianzia hapo hapo Mikindani mwaka 1866. Januari 1867, mbali bara, wapagazi walitoroka na sanduku lake la dawa, na afya yake haikukaa sawa tena. Naye hakuwa na duka la dawa Tandahimba.

SWALI: Shikamooni wahariri. Sisi ni walimu sita wa Lindi. Mwezi ujao tunaruka kutoka Mtwara kupitia Dar hadi uwanja wa Kilimanjaro, tupande mlima. Tufungashe vipi ili begi likichelewa tusirudi nyumbani? – Mwalimu wa kike, Mitwero, Lindi

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Buti mvae miguuni, hata kama Mtwara mtatoka jasho. Mkononi ndani ya ndege ziwe dawa, miwani, soksi mbili, nguo ya ndani ya kuzuia baridi, koti la mvua, glavu na tochi ya kichwani. Begi la kulalia na koti nene la manyoya hukodishwa Moshi, kwa hiyo haviwanyimi usingizi. Fimbo za kutembelea na visu viende mizigoni. Mtungi wa gesi hauruhusiwi popote, mkononi wala chini.

Betri ya kuchajia simu ni kinyume: mkononi tu. Kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100. Ya mAh 20,000 zidisheni kwa volti 3.7 mgawe kwa 1,000, mnapata 74, inapita.

Mko sita, basi msifungashe kila mtu lake. Changanyeni: nusu ya nguo za mwalimu A ziwe begini mwa B. Likipotea moja, watu wawili wamepungukiwa kidogo na hakuna aliyebaki mtupu. Ng'oeni tagi zote za safari za zamani, na jina na simu viwe ndani ya begi pia. Fikeni Moshi siku mbili kabla, si jioni ya kuamkia mlima. Begi likija mkiwa mmeshapanda, waongozaji wanaweza kumtuma mpagazi alifikishe kambi ya kwanza au ya pili. Bei yake iulizwe kabla. Koti nene mtalihitaji hasa usiku wa kuelekea kileleni, mita 5,895, ambako baridi ni ya chini ya nyuzi sifuri.

SWALI: Begi lilifika baada ya siku nne. Nilinunua nguo, shirika linasema nilete risiti tu "tutaona". Nina muda gani? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi, kwa maandishi, ikiwa safari ni ya kimataifa. Huo ni Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo. Begi lililofika limeharibika ni siku 7 tu. Lisipofika kabisa ndani ya siku 21 unalidai kama lililopotea, na mahakamani ukomo ni miaka 2. Kiwango cha juu tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, karibu dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo, si malipo ya kila mtu: utalipwa ulichotumia kwa haja, na shirika likithibitisha lilifanya kila liwezekanalo kuzuia ucheleweshaji linaweza kukwepa. Soksi, shati na mswaki havibishaniwi. Simu mpya watakuuliza. Ikiwa kipande cha Dar–Mtwara kilikuwa tiketi yake peke yake, mkataba haukihusu. Soma masharti ya tiketi.

Piga picha risiti leo. Zile za karatasi ya mashine hufifia kwa joto, na baada ya mwezi kwenye pochi utapeleka karatasi nyeupe.