Kabla ya mafuta, maji: nywele za asili kwenye miezi ya baridi

Niligundua kwenye kola ya koti. Nilikuwa nimetoka kwenye baridi kali, nimevua kofia ya sufu, nataka kutundika koti langu la kijivu, nikaona kolani vipande vya nywele. Vifupi mno, vingine havifiki hata urefu wa ukucha. Nikavikusanya kiganjani nikasogea kwenye taa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na kile kivimbe cheupe mwishoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba nywele zangu hazidondoki, zinakatika.

Naomba ushike tofauti hiyo kabla hatujaendelea. Unywele uliodondoka umemaliza muda wake, hung'oka na kishina chake cheupe, na ni jambo la kawaida kabisa kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ndiyo maana ukifumua nywele ulizosuka wiki kadhaa unapata fungu zima mkononi na kushtuka bure. Uliokatika hauna kishina. Huo haukumaliza muda wake, umeshindwa njiani.

Kilichoniuma ni kwamba sikuwa mvivu. Nilikuwa napaka mafuta kila siku: siagi ya shea asubuhi, mafuta ya mbarika usiku. Nywele ziling'aa, zikanata mpaka mto ukachafuka, na ukizishika ndani ni kavu kama ukuti. Ilinichukua karibu msimu mzima kuelewa kosa langu. Mafuta hayana maji. Kazi yake ni kufunika, kuuzuia unyevu uliomo usitoroke. Ukiyapaka juu ya nywele kavu, umefunika ukavu.

Na baridi ni msimu wa ukavu kuliko tunavyodhani. Hewa baridi hubeba mvuke kidogo. Ikiingia ndani ikapashwa moto na hita, mvuke unabaki uleule, lakini hewa yenyewe sasa ina kiu kubwa zaidi. Inanyonya midomo, inanyonya mikono, inanyonya nywele. Sisi wenye nywele za kujiviringa tunaumia zaidi kwa sababu mafuta ya asili yanayotoka kichwani hupita kwa tabu kwenye kila kona ya unywele, na ncha hupata machache au hazipati kabisa. Tena ncha ndizo kongwe: nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ncha ya unywele wa sentimita 25 ina umri wa kama miaka miwili. Imeshapita baridi mbili. Ihurumie.

Sasa nafanya hivi. Siku ya kuosha ni jioni ambayo sitoki tena. Si kwamba kichwa kibichi kinaleta mafua, mafua yanaletwa na virusi. Ila unywele uliolowa huvutika na kukatika upesi kuliko mkavu, na ukiufungia chini ya kofia haukauki, kichwa kinaanza kuwasha na kutoa harufu. Nagawa nywele mafungu manne hadi sita. Maji ni ya vuguvugu hata kama mwili unatamani ya moto. Shampuu naiweka kwenye ngozi ya kichwa tu, povu likiteremka linazitosha ncha. Kisha kondishona nzito, fungu kwa fungu, mpaka nisikie nywele zinateleza kati ya vidole kama utepe uliolowa. Hapo ndipo nachana, kwa vidole kwanza, halafu kitana cha meno mapana, nikianzia nchani na kupanda taratibu kuelekea shinani. Navaa mfuko wa plastiki, juu yake nafunga taulo lenye joto, nakaa dakika 20 hadi 30. Kama kuna hatua moja ya kutoiruka kwenye baridi, ni hii.

Nikishasuuza, nywele zikiwa bado na majimaji, napaka krimu, na mwisho kabisa mafuta kidogo, hasa kwenye ncha. Katikati ya wiki nazipulizia maji kwa chupa, kidogo tu zilegee, halafu narudia krimu na mafuta. Maji, krimu, mafuta. Wapo wanaotanguliza mafuta kabla ya krimu na nywele zao zinapendeza, sibishani nao. Ninachobishania ni maji kuwa ya kwanza.

Soma pia nyuma ya chupa zako, utafute gliserini. Gliserini huvuta maji. Hewa ikiwa na unyevu, huyavuta kutoka hewani na nywele zinafurahi. Hewa ikiwa kavu, inaweza kuyavuta kutoka kwenye unywele wenyewe. Ile krimu niliyokuwa naisifia miezi ya joto ilikuwa na gliserini karibu ya pili kwenye orodha. Sikuitupa, niliiweka pembeni ingoje joto lirudi.

Mafuta ya nazi nayo yana vituko vyake. Chini ya nyuzi 24 hivi huganda. Usiyakwangue na kuyasugua yakiwa vipande, yanavutavuta nywele. Tia chupa kwenye bakuli la maji ya moto kwa muda mfupi, yatayeyuka. Mimi nayatumia kabla ya kuosha, kwa sababu ni miongoni mwa mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu.

Halafu kofia. Nywele zangu zilikatika zaidi kisogoni, pale pale ambapo kofia ya sufu na kola ya koti vilikuwa vinasuguana nazo kutwa nzima. Sufu na pamba hunyonya unyevu na kukwaruza. Nilikata kipande cha satini kutoka foronya ya zamani, nikakishona kwa mkono ndani ya kofia, mishono mikubwa mikubwa isiyo na uzuri wowote, na ndicho kitu kilichonisaidia upesi kuliko krimu zote. Usiku nafunga kichwa kwa kitambaa cha satini. Skafu ya sufu nayo naitandikia kitambaa laini pale inapogusa kisogo.

Kusuka kunasaidia, maana ncha zinafichwa na mikono inatulia. Lakini ule ushauri wa kusuka ukazisahau siukubali hata kidogo. Chini ya rasta kuna nywele zako zinazohitaji maji yaleyale, na kichwa kinachohitaji kuoshwa. Ukisuka, usipitishe wiki 6 hadi 8, na usikubali msuko unaouma. Nywele za mbele zikivutwa kwa muda mrefu zinaweza kuondoka moja kwa moja zisiote tena.

Na kama unaona unga mweupe kichwani, usikimbilie mafuta. Ukavu wa baridi huleta vigamba vidogo vikavu, lakini mba ni kitu kingine, mara nyingi unahusiana na fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya kichwa na kula mafuta yake. Kuwapakia mafuta ni kuwaandalia meza. Mba unatibiwa kwa shampuu yake. Ukiona vidonda, au sehemu imekuwa na upara wa duara, nenda kwa daktari wa ngozi, usisubiri msimu ubadilike.

Kisogo changu kilibidi nikipunguze, sentimita tatu hivi, kwa mkasi mkali wa nywele. Niliumia, lakini ncha zilizopasuka haziungiki. Baridi iliyofuata nilikuwa naikagua kola kila jioni kabla ya kutundika koti. Nywele moja moja bado zilikuwepo. Ndefu, na mwishoni zina kivimbe cheupe.