Candi Staton, kanisani hadi klabu na kurudi: maswali yenu

Tangu nilipomtaja mwimbaji wa Marekani Candi Staton katika safu hii, barua zimekuja kwa wingi kuliko nilivyotarajia. Nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechagua chache na nitazijibu moja baada ya nyingine.

Mimi namjua kwa wimbo mmoja tu wa disko. Kumbe aliwahi kuimba injili? (Msomaji, Mombasa)

Injili ndiyo iliyotangulia. Candi alizaliwa Hanceville, jimbo la Alabama, mwaka 1940. Akiwa bado msichana mdogo, yeye na dada yake Maggie walipelekwa Nashville kusoma katika shule ya kanisa iliyokuwa chini ya Askofu Mattie Lou Jewell. Naam, askofu mwanamke, miaka hiyo. Mama huyo alisikia sauti zao, akawaunganisha na mjukuu wake Naomi Harrison, na hapo kikazaliwa kikundi cha Jewell Gospel Trio. Miaka ya 1950 wasichana hao walirekodi santuri kwa lebo ya Nashboro, wakazunguka Marekani na kusimama jukwaa moja na majina makubwa ya injili kama Soul Stirrers, Staple Singers na Mahalia Jackson.

Kanisa lao halikuogopa vyombo. Lilikuwa na desturi ya gitaa la kulaza, lile linalopigwa kwa kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi hadi zinalia kama mtu. Binti aliyekua akishindana na gitaa la namna hiyo hajifunzi kuimba kwa aibu. Ukisikia anavyovuta neno moja hadi likatike mwishoni, ujue halikuanzia studio.

Shikamoo dada. Aliachaje madhabahu akaenda kuimba kwenye klabu? Ni tamaa ya fedha? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Hapana, na neno hilo "tamaa" linaniuma kidogo. Candi aliolewa mapema, akazaa watoto wanne, na kwa miaka kadhaa hakuimba hadharani kwa sababu mume hakutaka. Ndoa ilipovunjika alikuwa mama mwenye midomo minne ya kulisha na kipaji kilichokaa kabatini. Mwaka 1968, katika klabu moja mjini Birmingham, Alabama, kaka yake alimsukuma apande jukwaani. Akaimba wimbo wa Aretha Franklin, naye mwenye klabu akampa kazi. Ni katika mzunguko huo wa vilabu alipokutana na Clarence Carter, mwimbaji wa soul asiyeona, ambaye alimpeleka kwa mtayarishaji wa muziki Rick Hall. Clarence huyo baadaye akawa mumewe.

Mimi sioni uasi hapo. Naona mzazi aliyetumia alichopewa.

Napiga besi kwenye bendi ya hoteli. Hizo rekodi zake za Muscle Shoals zina siri gani? (Msomaji, Kisumu)

Asante kwa swali hili, maana ningeweza kulijibu hadi kesho.

Muscle Shoals ni eneo dogo la Alabama, na studio ya FAME ya Rick Hall ndiyo iliyolipa jina. Candi aliingia pale mwaka 1969. Waliompigia ni kundi lililoitwa Fame Gang, weusi kwa weupe ndani ya chumba kimoja, katika jimbo ambalo muda mfupi tu kabla ya hapo sheria ilikuwa ikiwatenganisha hata kwenye mikahawa. Wewe wa besi, msikilize Jesse Boyce, na umsikilize pamoja na Freeman Brown kwenye ngoma. Hawajazi kila nafasi. Wanaacha mahali pa mwimbaji kuvuta pumzi, na Candi anapavamia.

Kisha kuna Rick Hall mwenyewe. Candi ameeleza kwamba Hall alimrudisha auimbe wimbo tena na tena hadi sauti ikaanza kukwaruza, kwa sababu mkwaruzo huo ndio alioutaka. Kwa mwimbaji ni mateso. Lakini sikiliza "I'd Rather Be an Old Man's Sweetheart", kibao chake cha kwanza pale, kilichoingia kumi bora za chati ya R&B mwaka 1969. Ile sauti ina vumbi ndani yake. Mtunzi George Jackson alikuwa akimwandikia nyimbo zilizomkaa mwilini kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo.

Wengi wanasifu zaidi nyimbo alizochukua kwa wengine. "Stand by Your Man" ilikuwa ya Tammy Wynette, wimbo wa kantri kabisa, na Candi alipoirekodi mwaka 1970 ikateuliwa kuwania Grammy. Ya Elvis Presley, "In the Ghetto", nayo ikateuliwa baada ya yeye kuirekodi mwaka 1972. Kwa sikio langu hii ya pili ndiyo kilele cha miaka yake ya FAME. Elvis anausimulia ule umaskini kwa huruma ya mtu anayetazama dirishani. Candi anauimba akiwa ndani ya nyumba.

Je, ni kweli "Young Hearts Run Free" ni kisa chake mwenyewe? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kweli. Mwaka 1974 alikuwa amehamia lebo ya Warner Bros., na mtayarishaji Dave Crawford akamuuliza habari za maisha yake. Candi akamweleza kuhusu mahusiano aliyokuwa ndani yake, yenye vitisho na mateso. Crawford akayageuza maneno yale kuwa wimbo wa mwanamke anayewaonya vijana wasijifunge kama yeye alivyofungwa. Ulitoka 1976, ukashika namba 1 kwenye chati ya R&B ya Marekani na namba 2 Uingereza.

Watu wanaucheza kwenye sherehe za harusi, nami siwakatazi, mdundo wake unainua hata mgonjwa. Ila mtu akiutafsiria bibi harusi neno kwa neno, patakuwa kimya ukumbini.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Alipookoka, je, alizikana nyimbo zake za zamani? Hapa kwetu tunabishana sana kuhusu jambo hili. (Msomaji, Morogoro)

Najua mnavyobishana, mama. Hata Cosmas Chidumule alipotoka muziki wa dansi wa Sikinde akaingia injili, maneno hayakuisha.

Candi aliacha pombe na kuokoka mwaka 1982. Pamoja na mumewe wa wakati huo, mpiga ngoma John Sussewell, alianzisha huduma ya Beracah na lebo yake. Kutoka hapo zikaja albamu za injili mfululizo. Ya kwanza, "Make Me an Instrument" ya 1983, iliteuliwa kuwania Grammy. Akawa na vipindi kwenye televisheni ya Kikristo ya TBN. Kwa miaka mingi alikaa upande huo, na nyimbo za zamani akaziweka kando. Alirudi kurekodi muziki usio wa injili mwishoni mwa miaka ya 1990, akiwa angali muumini.

Ushauri wangu kwa kwaya yako: chezeni rekodi ya Jewell Gospel Trio, halafu moja ya FAME, halafu moja ya Beracah, bila kuwaambia wanakwaya ipi ni ipi. Wasikilize koo, pumzi na namna anavyoingia kwenye neno. Ni mafunzo yaleyale ya Nashville yakifanya kazi katika vyumba vitatu. Mwenye kusema wimbo mmoja ni wa shetani na mwingine wa Mungu itambidi asikilize maneno tu na kuziba masikio kwa sauti.

"You Got the Love" ni wimbo wa injili au wa klabu? Naupiga kila Jumamosi. (DJ, Nairobi)

Unapiga injili, ndugu yangu. Candi aliurekodi katikati ya miaka ya 1980, wakati yuko kanisani kabisa. Ulikusudiwa filamu ya video kuhusu mtu mnene kupita kiasi aliyekuwa akijitahidi kupunguza uzito. Maneno yake ni ya mtu anayetaka kuinua mikono na kukata tamaa, kisha anakumbuka kwamba Bwana yuko naye.

Ulitoka 1986 na haukwenda mbali. Kisha huko Uingereza ma-DJ wakaichukua sauti ya Candi peke yake, bila vyombo, wakailaza juu ya "Your Love", mdundo wa haus wa Chicago wa Frankie Knuckles na Jamie Principle. Mchanganyiko huo ukatolewa kwa jina la The Source, na mwaka 1991 ukafika namba 4 Uingereza. Remiksi ya 1997 ikafika namba 3. Florence and the Machine nao wakauimba upya mwaka 2009. Candi mwenyewe, akiwa Marekani akihubiri, hakujua mwanzoni kwamba vijana wa London wanaruka usiku kucha kwa sauti yake. Hakuingia studio kufanya wimbo wa klabu, klabu ilimfuata.

Ndiyo maana nawasihi ma-DJ msiikate ile sehemu ya mwanzo ambapo anaimba karibu peke yake. Iacheni ipite yote kabla ya ngoma kuingia.

Nianze na ipi? (Wasomaji watatu, kwa nyakati tofauti)

Anza na mkusanyiko wa nyimbo zake za FAME uliotolewa na lebo ya Honest Jon's mwaka 2004. Ndio uliomrudishia heshima kwa kizazi kipya. Fuata na "His Hands" ya 2006, iliyotayarishwa na Mark Nevers huko Nashville, ambapo sauti imezeeka vizuri na nyimbo za imani zinakaa jirani na za mapenzi. Ukishazoea, nenda kwa "Unstoppable" ya 2018, albamu yake ya 30. Na zile za Nashboro za miaka ya 1950, zitafute popote zilipo.