Misa ya shukrani bila hela

Ndugu, umeuliza kama asiye na hela hawezi kusomewa misa ya shukrani ya mavuno. Hapana, kukosa hela hakuzuii. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 945, inawahimiza mapadre waadhimishe misa kwa nia (maombi au shukrani) za waamini, hasa maskini, hata pasipo sadaka yoyote. Kile kiwango cha sadaka ya misa kilichobandikwa ofisi ya parokia kinatokana na kanuni ya 952: hupangwa na maaskofu wa kanda ya jimbo kuu, yaani jimbo kuu pamoja na majimbo yaliyo chini yake. Padre haruhusiwi kudai zaidi ya hapo. Pungufu anaweza kupokea.

Mimi ni katekista wa kigango (sehemu ya parokia) huku Kongwa, daftari la nia nalishika mwenyewe. Mwezi wa saba bibi mmoja alikuja na ungo wa karanga, bado zina udongo, akasema "andika ahsante ya mtama." Nikaandika hivyohivyo, na padre akaisoma hivyohivyo.

Ila wahi. Jumapili za baada ya mavuno hujaa haraka, na ukitaka tarehe yako peke yako itabidi ukubali siku ya katikati ya wiki.