Kona ya Wasomaji: Zile picha za Moriyama ni ufundi au tunapigwa changa la macho?

SWALI: Habari za kazi. Mimi msomaji wenu niko London. Ile 2023 rafiki yangu alinivuta The Photographers' Gallery kuona maonyesho ya Daido Moriyama, mpiga picha za mitaani wa Japani. Jengo zima ni yeye, karibu zote nyeusi na nyeupe, zingine zimelala upande, zina chenga, zingine huelewi hata kama ni mtu au nguzo. Studio za kwetu picha kama zile unadai hela yako. Hivi ni ufundi kweli? Na nikitumia simu naweza?

JIBU: Hapana ndugu, hujapigwa changa la macho, ila nakuelewa maana hata mimi mara ya kwanza nilikuna kichwa.

Zile chenga kazitaka mwenyewe. Jamaa anapiga huku anatembea, kamera ndogo ya mfukoni, mara nyingi hata hachungulii, ndo maana zinalala. Halafu kwenye kusafisha filamu inaachwa kwenye dawa muda mrefu kuliko kawaida, basi chenga zinavimba, kijivu kinapungua, unabaki na weusi wa masizi na weupe wa kuumiza macho. Mcheki yule mbwa koko kwenye picha yake ya Misawa, 1971, mji wa Japani wenye kambi ya ndege za jeshi la Marekani: kageuza kichwa anakutazama, mdomo wazi kidogo, manyoya machafu. Mpige kwa rangi na ukali wa kamera ya harusi uone kama atakutisha.

Na yeye na wenzake hawakuanza tu kwa utundu. Tokyo ya 1968 wanafunzi wanapigana na polisi, vita ya Vietnam imechacha na kambi za Marekani zipo hapohapo Japani, huku kwenye matangazo picha zote zimenyooshwa na kila mtu anatabasamu. Mpiga picha Takuma Nakahira na wenzake wakatoa jarida linaitwa Provoke, Moriyama akaingia toleo la pili, likatoka la tatu 1969 na ndo ikawa basi. Matoleo matatu tu, lakini mpaka leo wapiga picha wanalitaja.

Ila mimi kinachonikera ni kuziona ukutani. Nyingi alizipiga zikakae kwenye majarida na vitabu, ukurasa unaugonga ukurasa, wino umejaa mpaka pembeni bila nafasi nyeupe, ukiitundika moja peke yake kwenye fremu kama picha ya babu sebuleni unaikata ulimi. Kitabu chake cha 1972, Farewell Photography, kina mpaka vipande vya negativu zilizoharibika, na hapo ndo utamuelewa, sio kwenye fremu.

Simu inatosha, yeye mwenyewe siku hizi anatumia kidijitali na anaigeuza nyeusi na nyeupe baadaye. Usianze na filta. Zima flashi jioni, tembea mtaa mmoja uliouzoea, piga bila kusimama, halafu chapisha kwenye karatasi ya kawaida ya stationery uzipange mezani, usizihukumu kwenye kioo cha simu.