Dawa ya sikio la mbwa ya mara moja
Unajiuliza kama ipo dawa ya maambukizi ya sikio la mbwa inayowekwa mara moja tu? Ndiyo, ipo, huna haja ya kupambana na mbwa wako kumtia matone kila siku. Dawa iitwayo Claro iliidhinishwa Marekani 2015: ina florfenikoli ya kuzuia bakteria, terbinafini ya fangasi na mometasoni ya kupunguza uvimbe, dozi moja hukaa ikifanya kazi kama siku 30. Nyingine, Osurnia, ni jeli, dozi mbili, wiki moja kati yake. Ila aiweke daktari wa mifugo, akishasafisha ile nta ya kahawia inayonuka na kuchungulia ndani. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, haifai kabisa. Na tafadhali mshike mbwa kichwa asijitikise, maana dawa ikimrukia jichoni inaweza kumletea vidonda vya jicho.