Maswali ya Wasomaji: Midoli ya Boksi la Siri na Jua la Mtwara

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninakusanya midoli midogo ya boksi la siri, ile ambayo mtu huinunua bila kujua ni upi uliomo ndani hadi afungue. Ninayoipenda zaidi ni ya rangi laini: waridi hafifu, buluu ya maji, zambarau iliyopauka na rangi ya maziwa. Nilisoma ushauri wa wakusanyaji wa Ulaya kwamba mahali salama ni penye dirisha la kaskazini, nami nikaweka rafu yangu mbele ya dirisha la namna hiyo. Sasa nyuso zilizokuwa nyeupe zimeingia umanjano, na midoli kadhaa inanata ukiishika. Jirani ananishauri niiloweke kwenye jiki. Nifanyeje? – S.M., Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba. Ushauri uliousoma ni sahihi kwa wenyewe walioutoa, na kwetu unapaswa kusomwa kinyume. Ulaya iko mbali kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huko hukaa upande wa kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini hupata mwanga bila kuchomwa. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu na mwisho wa Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, na mwezi Juni, linapokuwa limeinama zaidi, huingia chumbani kwa kina kuliko wakati mwingine wowote. Dirisha la kusini nalo hupata zamu yake katika miezi iliyobaki, lakini wakati huo jua la mchana huwa karibu na utosi, hivyo upenu wa kawaida hulizuia. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo mabaya kabisa, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri huingia likiwa chini na hakuna upenu unaolikinga. Ihamishie rafu yako kwenye ukuta wa ndani usiofikiwa na jua saa yoyote. Ikiwa hakuna ukuta wa namna hiyo, chagua upande wa kusini na uweke pazia zito.

Usidhani kwamba kioo cha dirisha au cha kabati kimekulinda. Kioo cha kawaida huzuia sehemu ya mionzi ya urujuanimno, lakini sehemu kubwa ya ile yenye mawimbi marefu hupenya, nayo pamoja na joto inatosha kuigeuza plastiki taratibu. Mingi ya midoli hii hutengenezwa kwa plastiki za aina ya PVC na ABS, na zote mbili huingia umanjano zikikaa juani. Rangi laini hazina ubaya wowote katika hili. Tofauti ni kwamba haziwezi kuficha. Mdoli mwekundu au mweusi uliosimama kwenye rafu hiyohiyo huenda umeharibika vilevile, ila jicho halijauona.

Kunata ni jambo jingine. PVC yenyewe ni ngumu, na ili iwe laini viwandani huchanganywa na vilainishi ambavyo, kwa joto na kwa muda, hutoka ndani na kutanda juu ya ngozi ya mdoli, kisha vumbi hushika hapo. Kuosha kunasaidia: tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo na mswaki laini, kisha kausha kivulini. Hali hiyo inaweza kurudi baada ya miezi kadhaa, nawe utaosha tena. Jiki usiiguse, wala thina, wala petroli, wala spiriti, kwa kuwa rangi iliyopakwa juu itatoka kabla umanjano haujapungua hata kidogo. Umanjano huo uko ndani ya plastiki yenyewe. Haukuletwa na uchafu, na mdoli uliopakwa rangi hauwezi kurudishwa ulivyokuwa. Ningekushauri uikubali ile iliyogeuka na uilinde iliyobaki.

Mambo mawili zaidi kwa mtu anayeishi karibu na bahari kama wewe. Kabati la vioo ni zuri dhidi ya vumbi na hewa ya chumvi, ambayo huharakisha kutu kwenye pete na minyororo ya midoli ya kuning'iniza, lakini lifungue mara kwa mara ili harufu ya plastiki isirundikane ndani, na taa za LED zikiwemo, kifaa chake cha umeme kinachopata moto kikae nje ya kabati. Pili, usiiache midoli ikigusana au ikibanwa ndani ya plastiki iliyokuja nayo, kwa sababu vilainishi huhama kutoka mmoja kwenda mwingine na kuacha alama isiyofutika.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wawili tunaagizia midoli kupitia ndugu yetu aliyeko Kariakoo. Je, ni afadhali kununua boksi mojamoja au katoni nzima? Na huyo mdoli wa siri, je, kuna hesabu ya kumpata? – Msomaji wa Lindi Mjini

JIBU: Hesabu ipo, na nadhani kila mkusanyaji angepaswa kuijua kabla hajatoa fedha. Mfululizo wa kawaida huwa na midoli 12 inayojulikana na mmoja wa siri, yaani ule adimu unaotokea mara chache tu. Ukinunua boksi mojamoja kutoka mahali tofauti, huku kila mdoli ukiwa na nafasi sawa, kwa wastani utahitaji maboksi 37 ili uikamilishe yote 12. Mwanzoni kila boksi huleta kitu kipya, na hapo ndipo mtu hujiona ana bahati. Lakini ukibakiwa na mdoli mmoja tu usio nao, wastani wa kuupata peke yake ni maboksi 12. Karibu theluthi moja ya gharama yote huishia kwa huyo wa mwisho. Katoni kamili iliyofungwa kiwandani, kwa kawaida, ina maboksi 12 yasiyojirudia, isipokuwa pale wa siri anapochukua nafasi ya mmoja wao. Ninyi ni watatu: changeni fedha, nunueni katoni moja iliyofungwa, mgawane minne minne kwa kura. Utamu wa kubahatisha mtaupata kwenye kura, bila kuulipia mara tatu.

Kuhusu wa siri, kampuni nyingi huandika uwiano wenyewe kwenye boksi. Pop Mart, iliyoanzishwa Beijing mwaka 2010 na Wang Ning, hutumia mara nyingi 1 kwa 144, yaani boksi moja kati ya 144. Watu husoma hivyo na kuamini kwamba maboksi 144 yatamleta kwa hakika. Kama kila boksi ni bahati yake yenyewe, nafasi ya kumpata angalau mara moja katika maboksi 144 ni kama asilimia 63, maana yake zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu atamaliza yote asimwone. Mfululizo wa Exciting Macaron wa Labubu, kiumbe wa manyoya anayeuzwa na Pop Mart, ambao wapenzi wa rangi laini wanauulizia sana, una wa kawaida 6 tu na wa siri kwa uwiano wa 1 kwa 72, kwa hiyo kuukamilisha ni rahisi zaidi. Angalieni hata hivyo kwamba miili yake ni ya manyoya, na kwenye mvua zetu za Desemba hadi Aprili manyoya hupata ukungu haraka kuliko plastiki. Labubu halisi ana meno 9. Mkihesabu zaidi au pungufu, mrudishieni muuzaji.

SWALI: Mhariri, binti yangu ana miaka 7 na anaililia midoli hii. Nimnunulie? – Baba, Masasi

JIBU: Ndugu yangu, maboksi mengi ya Pop Mart yameandikwa kwamba ni ya umri wa miaka 15 na kuendelea, na nchini China kwenyewe mwongozo wa serikali wa mwaka 2023 ulikataza kuwauzia maboksi ya siri watoto walio chini ya miaka 8. Akiutaka mdoli, mtafutie ambao tayari umefunguliwa na unaonekana.

SWALI: Mhariri, nina vinyago vya mpingo alivyochonga babu yangu kule Newala. Ningependa kuviweka kabati moja na midoli yangu ya waridi na buluu. Kuna ubaya? – H., Mikindani

JIBU: Kwa macho, sioni mpangilio mzuri kuliko huo, kwani weusi wa mpingo huzifanya rangi hafifu zionekane safi zaidi. Ugumu uko kwenye hewa ya kabati. Mkusanyaji wa midoli, hasa ya manyoya, huweka vifuko vya kufyonza unyevu na kufunga milango, lakini mpingo uliozoea hewa ya pwani ukikaushwa ghafla unaweza kupasuka. (Vile vifuko mnavyookota kwenye maboksi ya viatu, kwa njia, aghalabu vimekwisha kushiba unyevu zamani na havifanyi kazi.) Acha vifuko kabisa kwenye kabati hilo la pamoja, na midoli ya manyoya iweke kwingine.

Kagua pia ule ukanda mweupe wa nje, kama babu aliuacha kwenye kinyago. Moyo mweusi wa mpingo hauliwi kirahisi na wadudu, bali ukanda huo huliwa, na ukiona unga mwembamba chini yake kitenge kinyago hicho. Mwisho, wachongaji wengi hung'arisha kazi zao kwa nta au rangi ya viatu, ambayo ikigusa uso wa waridi haitoki. Sugua kila kinyago kwa kitambaa kikavu cheupe hadi kitambaa kisichukue tena weusi, kisha kiweke mbali kidogo na midoli, rafu ya chini kabisa ikiwezekana, ili kisiiangukie.